Daktari Hakungoja Ila

Kidonda cha mdogo wangu kilikuwa kinanuka. Naanza hapo hapo, maana watu wakisimulia habari za hospitali wanaanza na Mungu, wanakuja kwa daktari, wanamalizia na dawa, harufu wanairuka. Mimi siiruki. Nilitoka Mbeya na basi la asubuhi, nimebeba ndizi na mchele wa Kyela kwenye ndoo, nikafika Iringa jua limeshalegea, nikaingia wodi ya akina mama nikauliza mgonjwa wangu yuko kitanda gani. Kabla hawajanijibu, pua ilishanijibu.

Na yeye alikuwa amejimwagia marashi. Yale ya kichupa, ya kuendea harusini. Sasa wewe fikiria nyama iliyooza halafu juu yake waridi. Mate yalinijaa mdomoni nikayameza kwa nguvu, maana kumtemea mgonjwa mlangoni siyo vizuri.

"Dada umekuja," akasema.

"Nimekuja. Unanuka kama bibi harusi aliyekufa."

Akacheka. Yeye anajua mdomo wangu. Tumbo moja, mimi nimetangulia, yeye amefuata. Mimi nikabaki huku Mbeya, nauza viazi Mwanjelwa mpaka leo, yeye akaolewa na Mhehe akaenda Iringa kulima mahindi, mume akafa, watoto wakajenga kwao, yeye kabaki na nyumba yake na kuku wake. Na usafi wake. Huyu mtu ana usafi wa kuudhi. Ukifika kwake unanawishwa mikono hujagusa hata kitu. Ukikohoa anaangalia ulikohoa wapi. Basi mtu wa namna hiyo ndo Mungu akampa sukari, na sukari ikampa kidonda cha mguu, na kidonda kikampa harufu. Alikuwa anaona aibu kuliko maumivu. Maumivu yenyewe alisema hana.

Habari niliyoikuta ni hii. Kile kidonda kilikuwa kinacheza na watu. Wakimlaza hospitali, kinakauka. Wakimruhusu nyumbani, anarudi kimechimbika upya, kinatoka damu, vidole vimeliwaliwa kama mtu amekata na kisu butu. Wakamlaza tena, kikakauka. Akarudi nyumbani, kikachimbika. Mara hii kilikuwa kimepanda mpaka juu ya unyayo na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Wakasema sasa basi, mguu ukatwe, chini ya goti, kesho kutwa.

Asubuhi wakaja kuzunguka vitanda. Daktari mbele, kijana, shati limenyooka, viatu vinalia ko ko ko. Nesi nyuma, mama mzito, anapumua kwa pua. Nikajiweka pembeni nikaangalia. Mimi shule sikwenda, lakini kuangalia watu naweza, na sauti zao nikizisikia mara moja zinakaa.

Daktari, huku anasoma faili: "Shikamoo bibi, unaendeleaje?"

Mdogo wangu, kwa sauti ya kanisani: "Marahaba baba, naendelea vizuri tu."

"Safi sana."

Ko ko ko, kitanda kingine.

Nikamwangalia mdogo wangu. Mdomo ulikuwa bado wazi. Alikuwa hajamaliza.

Nikamfuata daktari kwa jicho, kitanda mpaka kitanda. Mwanamke wa pembeni, tumbo limejaa maji kama amemeza ndoo: "Unaendeleaje mama?" "Vizuri, nashukuru." Ko ko ko. Yule wa dirishani, anapumua kama mvukuto: "Habari ya leo?" "Nzuri, baba." Ko ko ko. Wodi nzima ni wazima! Nikajiuliza, sasa hawa wanafanya nini humu, wamekuja kula ugali wa bure?

Huku kwetu, iwe Mbeya iwe Iringa, mtu akikusalimia humrushii ugonjwa usoni. Hiyo ni tabia mbaya. Hata kama maiti iko chumba cha pili, mgeni akiuliza habari unasema nzuri, karibu ukae. Anakaa. Unanyamaza kidogo, na yeye ananyamaza. Ukiona ametulia ndo unasema, "Nzuri, ila..." Hapo baada ya ila ndo habari yenyewe inaanza, na inaanza mbali, tangu asubuhi ya juzi. Kila mtu anajua. Mtoto mdogo anajua. Yule daktari, sijui alizaliwa wapi na nani, hakungoja ila. Wodi nzima watu wamebaki na ila zao mdomoni, wanazimeza kama nilivyomeza yale mate.

Nilisikia kinyaa, na safari hii siyo cha kidonda. Nyama ya mtu ikioza haijafanya makusudi.

Nesi ndo alirudi na trei kusafisha. Hakuwa mvivu, hilo nisimsingizie. Lakini mikono inafanya kazi yake na mdomo unafanya yake. "Nyie wabibi ndo mlivyo! Mkifika nyumbani mnabandua bandeji, mnachokonoa, mnatia majani, mnatia mavi ya ng'ombe! Hapa kinapona, kwako hakiponi, kwa nini? Eti bibi? Kwa nini?"

Mdogo wangu kalala chali. Anaangalia dari.

"Si nakuuliza?"

"Sijachokonoa, mama."

"Kimejichokonoa chenyewe!"

Akavuta pamba ya mwisho, ikaja na kitu cha kijani. Nikatoka nje nikatema.

Mchana, chakula kimeliwa, wodi imetulia, nikapanda kitandani kwake nikakaa upande wa kichwa. Nikamwambia, "Haya. Hao hawana muda, mimi ninao, viazi vyangu nimemwachia jirani. Nisimulie."

"Nisimulie nini dada? Ndo hivyo."

"Ndo hivyo siyo habari. Simulia kama mama alivyokuwa anatusimulia jikoni. Anza jioni ukiwa kwako. Umefungia kuku. Endelea."

Akajivuta. Akaanza kidogo kidogo. Kafungia kuku. Kala ugali na majani ya maboga. Kanawa miguu na maji ya moto, maana baridi ya Iringa unaijua, ngozi inapasuka kama udongo.

"Halafu?"

"Halafu napaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya nguruwe. Yanalainisha. Napaka miguu yote, pembeni pembeni mwa bandeji, nalala."

"Unalala wapi?"

Hapo akasita. "Chumbani."

"Chumbani na nani?"

"Na mahindi."

Nikajua. Wezi wamezidi, kila mtu siku hizi analala na magunia yake. Nikasema endelea, na nilikuwa sitaki aendelee.

"Asubuhi naamka, bandeji imevutwa. Na blanketi huku chini ina damu."

"Nani kaivuta?"

Akaniangalia, akaangalia kitanda cha jirani, akashusha sauti mpaka nikainama. "Panya."

Jamani. Mimi nimeona mambo. Nimeosha maiti, nimezalisha. Lakini pale nywele zilinisimama kwapani. Panya wanaingia kwenye blanketi, wanalamba mafuta ya nguruwe mguuni kwa mtu mzima mwenye wajukuu, mafuta yakiisha wanaendelea na mguu! Na yeye amelala, anakoroma!

"We mwanamke, panya anakula mguu wako na huamki?"

Akanishangaa mimi. "Dada, si panya anapuliza? Utamsikiaje?"

Hiyo nayo kila mtu anaijua. Tangu tuko watoto tunaambiwa panya anauma huku anapuliza ili usisikie. Na mimi naijua, na pale pale nikaikubali. Nikasema kweli, anapuliza. Wajinga wawili kitanda kimoja.

"Sasa mbona hujamwambia nesi?"

Akanishika mkono, akanifinya. "Dada, usiseme. Nakuomba. Watasema kwangu kuchafu. Wakwe zangu watasikia. Mwanamke gani analiwa na panya? Bora wakate."

Bora wakate! Yaani mguu uende, jina la usafi libaki. Nikamwangalia huyu mtu nikasikia hamu ya kumpiga kofi. Lakini nilimjua. Ningeenda kumsemea kwa daktari, angekana, angesema dada yangu mzee anaropoka. Kichwa kigumu, tumbo moja.

Kesho yake wakaja na karatasi. Daktari, nesi na trei yake ya kusafishia, na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Daktari anasema haraka haraka, sauti yake ikitokea puani: "So bibi, kama tulivyoongea, ni biloo nii, yaani hapa chini ya goti, tunakuchoma sindano ya usingizi, hautasikia kitu, okei? Unaendeleaje lakini?"

"Vizuri, baba."

Na akanyoosha dole gumba. Hivyo tu.

Nikakaa juu ya ile karatasi.

"Mama, tafadhali!" nesi.

"Naondoka saa hizi hizi," nikasema. "Ila kwanza nina hadithi."

"Mama, tuna wagonjwa wengi, fupisha."

"Ni fupi. Palikuwa na bibi mmoja." Nikapandisha sauti, wodi nzima isikie. "Huko Makongolosi, mbali, hamumjui." Nikamtupa huko kwenye machimbo ya dhahabu makusudi, ili mdogo wangu asishtuke. "Bibi mvivu! Mchafu! Mahindi yake anayarundika chumbani kwa sababu ya uvivu wa kuyapeleka stoo. Jioni anajipaka mafuta ya nguruwe kama anakaangwa. Panya mume akamwambia panya mke..." Nikafanya sauti ya panya, meno mbele, pua inacheza. "'Mama watoto, nasikia harufu. Leo kwa bibi kuna kitimoto!'"

Wodi ikacheka. Yule wa tumbo la maji akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Daktari akatabasamu kidogo huku anaangalia saa. Nesi akasema, "Haya mama, tumecheka, ondoka kwenye karatasi."

Sikuondoka. "'Na huyu bibi,' panya mke akasema, 'nyumba yake chafu, hajafagia tangu Pasaka, tutakula na kulala humu humu!'"

"Uongo!"

Ilikuwa sauti ya kitandani. Mdogo wangu ameketi, macho yamemtoka.

"Anafagia kila siku! Asubuhi na jioni! Na magunia hakuyaweka kwa uvivu, wanawe ndo waliyaingiza, stoo ilivunjwa na wezi! Na mafuta siyo mengi, ni kidogo tu, miguu inapasuka!"

Wodi nzima ikamgeukia. Yeye akaona amefanya nini. Akavuta shuka mpaka usoni.

Daktari alikuwa ameshageuka kwenda, ko moja tayari imelia. Akarudi. Akaangalia shuka, akaangalia mguu, akaniangalia mimi. Sauti ya puani ikamwishia. Akaniuliza polepole, "Mama. Huyo bibi, panya alipomuuma, hakusikia?"

"Atasikiaje?" nikasema. "Panya si anapuliza."

"Anapuliza," akasema wa dirishani.

"Eee, anapuliza huyo," wakasema wengine, kitanda kwa kitanda, na yule nesi naye, naapa, alitikisa kichwa kukubali.

Daktari hakutikisa. Akatoa sindano kwenye trei ya nesi. Akashika mguu mwingine, ule mzima usio na kidonda, akauchoma chini ya unyayo. Mimi nikaruka. Mdogo wangu, chini ya shuka, hakujua hata kama ameshikwa. Alikuwa analia kwa aibu na kusema, "Mimi siyo mchafu baba, muulizeni mtu yeyote." Akachoma tena, kisigino. Damu ikatoka tone. "Muulizeni hata mchungaji," akasema.

Hakuna panya hapo. Hakuna anayepuliza. Mguu ulikuwa umekufa ganzi wenyewe, sukari imeua kusikia, na sisi wote tunamsifu panya kwa ufundi.

Nesi akaweka mkono mdomoni. Mdomo ule ule uliokuwa unafoka mavi ya ng'ombe, mavi ya ng'ombe. Daktari akakaa. Akakaa kitandani, kwenye shuka, pembeni ya kile kidonda na harufu yake yote, akasema, "Bibi, toa shuka. Nisimulie mwenyewe. Anza unapotaka."

Na yeye, mjinga yule, akaanza na kuku.

Mguu ulibaki. Vile vidole viwili vyeusi vilikatwa, havikuwa na kazi tena. Kidonda kilichobaki kilisafishwa, dawa ikabadilishwa, na kwa sababu sasa walijua kinachokichimba, walikipa muda. Mimi nikapanda gari kwenda kwake nikatoa magunia chumbani na wakweze wanaangalia. Kiota kilikuwa nyuma ya gunia la mwisho. Vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vimelala juu ya vipande vya bandeji ya mdogo wangu vilivyotafunwa vizuri vikawa godoro. Niseme nini zaidi. Sikula siku hiyo. Nilimwaga maji ya moto, nikafagia, nikawaambia wakweze, "Huyu mwanamke ni msafi. Mwenye neno aniambie mimi."

Baadaye wakaniita tena Iringa. Daktari alikuwa amesimulia kwa wakubwa wake, wakubwa wakafanya semina: kumsikiliza mgonjwa akisimulia. Ukumbi, viti vya plastiki vimevalishwa kitambaa, maji ya chupa, sambusa. Mwenye semina alikuwa dada mmoja wa mjini, mnene wa sauti, kucha ndefu. Akanipokea vizuri: "Karibu sana mama yetu! Habari za safari?"

"Nzuri, ila..."

Alishageukia mashine yake ya picha ukutani.

Nikakaa. Nikamsikiliza. Sauti yake kama asali iliyomwagika: "Wapendwa, tumpe mgonjwa nafasi. Tusimkatishe. Simulizi ya mgonjwa ni dawa." Watu wanaandika. Halafu akaja kuninong'oneza, "Mama, zamu yako. Fupi tu. Na ile sehemu ya panya, tuseme tu mazingira ya nyumbani hayakuwa rafiki. Kuna watu wanakula."

Kinyaa nilichosikia hapo kilizidi cha kidonda, kilizidi cha vile vitoto vyekundu. Kidonda angalau mdogo wangu alikifunika kwa aibu. Huyu anafunika kwa nini?

Nikashika kile kipaza sauti. Nikawapa panya mume, panya mke, mafuta, blanketi, kiota, godoro la bandeji. Nikawapa na sauti ya nesi, na sauti ya daktari, ko ko ko, na yule dada mwenyewe nikampa sauti yake ya asali, "wapendwa, tumpe mgonjwa nafasi, fupi tu." Sambusa zikarudi kwenye sahani. Mmoja alitoka nje. Daktari wetu alikuwa nyuma, ameinamisha kichwa, mabega yanacheka.

Sijui walijifunza nini. Nilikunywa soda yangu nikaondoka.

Lakini mwezi uliofuata nilimsindikiza mdogo wangu kliniki. Amevaa viatu vipana alivyopewa, anatembea na fimbo, amenyooka kama anaenda kubatizwa. Tukaingia. Daktari yule yule.

"Shikamoo bibi. Habari?"

"Marahaba baba. Nzuri tu."

Akavuta kigoda, akakaa. Akanyamaza. Foleni nje ni ndefu, watu wanakohoa makusudi, yeye kanyamaza. Mdogo wangu akaniangalia. Akamwangalia. Akapangusa magoti ya gauni ambalo halina hata vumbi.

"Ila," akasema.

Na akaenda mbali, jamani! Akaanza na jogoo aliyeumwa, akapita kwa jirani aliyeazima jembe, akapita kanisani, mpaka mimi mwenyewe nikataka kumziba mdomo. Daktari alipiga mwayo mmoja, akaumeza, akabaki. Mwisho kabisa, kama kitu kisicho na maana, mdogo wangu akasema, "Na leo soksi hii inaonekana imelowa, sijui maji nimeyakanyaga wapi, na mvua hakuna."

Daktari akapiga goti. Akamvua kiatu mwenyewe. Soksi chini ilikuwa nyekundu. Akapindua kiatu, akakigonga, kitu kikaanguka sakafuni kikaruka ruka mpaka miguuni kwangu.

Punje ya hindi. Alikuwa ameitembelea tangu nyumbani.

Daktari akaangalia unyayo, akautazama sana, akasema ni kidogo, ngozi tu, tumewahi. Akaita nesi alete maji. Mdogo wangu akainama akaiokota ile punje, akaificha kwenye fundo la khanga, akaangalia mlangoni kama kuna mtu ameona.

"Baba," akasema, "usiandike kwamba imetoka nyumbani kwangu."